Kwanini Frankfurt walibomoa jengo la ofisi za jiji ambalo halikuwa limefika hata miaka 40?

Mpita_Njia:
Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie kwenye hili maana limenikaa kichwani tangu nirudi safari. Nilikuwa Frankfurt, Ujerumani, siku tatu kikazi, siku ya mwisho nikapata masaa mawili matatu nikaenda kutembea pale katikati ya mji, kati ya lile kanisa lao kuu wanaloliita Dom na uwanja wa Römerberg. Pale kuna vichochoro na nyumba za zamani za mbao na mawe mekundu, nzuri kweli kweli, nikawa napiga picha nikijua kabisa niko kwenye mtaa wa miaka mia nne. Alafu nikasogea karibu na nyumba moja nikapitisha kidole kwenye kona ya jiwe nikaona kingo bado kali, hazijaliwa na mvua wala kusuguliwa na mabega ya watu, na boriti juu hazina dalili ya mdudu. Kuna mzee alikuwa anapita na mbwa wake nikamuuliza, akaniambia kijana, hapo uliposimama kabla ya 2010 palikuwa na jengo kubwa la zege la ofisi za jiji, limejengwa miaka ya 70, wakalibomoa wakajenga hizi nyumba.

Sasa mi ni fundi, nimesimamia saiti za maghorofa, na kwangu jengo la zege la miaka thelathini na kitu ni jengo changa kabisa. Kwanini walijenga pale kwanza, kwanini wakalitoa, na je hakuna aliyelitetea? Anayejua historia yake anielezee tafadhali, hata kama ni ndefu nitasoma yote.

kalamu_na_zege:
Mkuu umeuliza kitu nakipenda sana ngoja nikuandikie kwa kirefu. Jengo lenyewe liliitwa Technisches Rathaus, yaani jengo la idara za ufundi za jiji, watu wa mipango miji, wa vibali vya ujenzi, wa barabara na kadhalika. Lilijengwa 1972 mpaka 1974 na wasanifu walikuwa ofisi ya Bartsch, Thürwächter na Weber. Lakini ukianzia 1972 hutaelewa kitu, inabidi uanzie Machi 1944.

Kabla ya vita Frankfurt ilikuwa na moja ya mitaa mikubwa kabisa ya nyumba za fremu za mbao Ujerumani nzima, zinatajwa nyumba kama 1,250, zimebanana ukinyoosha mkono dirishani unakaribia kumgusa jirani. Machi 1944 ndege za Waingereza na Wamarekani zikapiga mji mfululizo, usiku wa tarehe 22 ndo ulikuwa mbaya kuliko zote, kama watu elfu moja walikufa na ule mji wa kale ukaungua karibu wote, maana mbao kavu za miaka mia tatu zikishika moto kwenye vichochoro vya namna ile hakuna wa kuzima. Kanisa likabaki limesimama na majeraha, pembeni yake vifusi.

Alafu vifusi vikaondolewa na pale katikati pakabaki wazi, na hii ndo sehemu watu wengi wanairuka. Kiwanja cha maana kuliko vyote kwenye mji, njia ambayo wafalme wa Dola Takatifu la Kirumi walikuwa wanapita baada ya kutawazwa kanisani kuelekea Römer, jumba la kale la halmashauri ya jiji, kwenye karamu, kuanzia 1562 mpaka 1792, kikakaa miaka zaidi ya ishirini kikiwa paking ya magari. Jiji lilikuwa linabishana, wengine wanataka nyumba za zamani zirudishwe, wengine wanasema zama zile zimekwisha na hatuwezi kujifanya hakikutokea kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 60 wakaitisha shindano la usanifu, na hao hao Bartsch, Thürwächter na Weber ndio walioshinda. Hapo katikati ikaingia ishu ya treni ya chini ya ardhi, wakachimba shimo kubwa lote lile, na walipochimba wakakuta mabaki ya bafu za Warumi na kuta za kasri la kifalme la enzi za ukoo wa Karl Mkuu, yule mfalme wa Wafrank. Frankfurt inatajwa kwa mara ya kwanza kwenye maandishi mwaka 794, na mabaki ya historia hiyo ndefu yalikuwa pale pale chini ya magari. Kituo cha treni cha Dom/Römer kilifunguliwa 1974, mwaka ule ule ambao jengo letu lilikamilika.

Kwa hiyo unapoliangalia lile jengo kwenye picha, minara mitatu ya zege iliyoungana, ujue halikudondoka tu pale kutoka mawinguni. Lilikuwa jibu la watu waliokuwa wamebishana miaka ishirini juu ya shimo, na waliamini kwa dhati kwamba jiji la kidemokrasia linatakiwa liweke ofisi zake katikati kabisa ya mji, pale wafalme walipokuwa wanapita, na lisione haya kutumia zege la zama zake. Mimi hiyo imani naiheshimu. Tatizo ni kwamba jengo lilikuwa kubwa mno kwa pale, ukisimama karibu na kanisa ulikuwa unauona ukuta wa ofisi umejaa macho yote.

mama_wawili:
Kaka kalamu nakusoma kila siku na nakuheshimu ila hapa nitakupinga kidogo. Mi nimeishi Frankfurt tangu 2003, hilo jengo nimelipita nikiwa na mimba, nimelipita nikisukuma kigari cha mtoto, na nakwambia ukweli lilikuwa linaukata mji vipande viwili. Kutoka kanisani kwenda Römerberg ni mita mia mbili hivi, ni karibu sana, lakini ulikuwa unajiona uko nyuma ya ofisi za watu wala sio katikati ya mji, upepo unavuma, jioni wafanyakazi wakishaondoka hakuna roho. Sasa hivi napita pale na wanangu jumamosi, kuna ka uwanja kanaitwa Hühnermarkt, zamani lilikuwa soko la kuku, katikati kuna kisima chenye sanamu ya Friedrich Stoltze, mshairi wao aliyekuwa anaandika kwa lahaja ya Frankfurt. Watu wamekaa wanaongea. Kuna nyumba moja imenigusa sana, inaitwa Rotes Haus, ghorofa ya chini haina ukuta, nyumba nzima imesimama juu ya nguzo tatu za mwaloni na unapita katikati yake. Pale zamani palikuwa na mabanda ya wauza nyama, mabanda hayo yaliitwa Schirn na ndo maana jumba la sanaa la jirani linaitwa Schirn mpaka leo. Binti yangu huwa anaikumbatia ile nguzo ya kati kila tukipita, ameshaijua mpaka ule ufa wake mmoja, maana mwaloni ukikauka unapasuka wenyewe.

Sasa niambieni nguzo ya lile jengo la ofisi nani aliwahi kuikumbatia. Nasema hivi kwa uchungu sio kwa kubishana, sisi wakazi tulikuwa tunataka mahali.

Fundi_Mdogo:
Samahanini naingilia, kwani walilibomoaje, kwa baruti? Maana kuna video moja ya Frankfurt jengo refu linashuka chini sekunde kadhaa.

kalamu_na_zege:
@Fundi_Mdogo hapana, hiyo video ni ya jengo lingine, AfE-Turm la chuo kikuu, mita 116, lililipuliwa tarehe 2 Februari 2014 kwa baruti karibu kilo 950, na maelfu ya watu walikuja kuangalia. Technisches Rathaus usingeweza kulilipua hata ungepewa kibali, chini yake treni zinapita na kuna paking, pembeni kuna kanisa la karne ya 14 na mabaki ya Warumi. Walianza 2010 wakalishusha kidogo kidogo kutoka juu, unakata unanyanyua unateremsha. Kama umewahi kufanya kazi kwenye saiti iliyobanwa utajua uvumilivu wa kazi hiyo.

Dada @mama_wawili nimekusoma, na kwenye suala la njia kukatwa huna kosa hata kidogo. Ninachopinga mimi ni namna uamuzi ulivyofikiwa. Katikati ya miaka ya 2000 jengo lilikuwa linahitaji matengenezo makubwa ya gharama, jiji likaona bora liondoke. 2005 wakaitisha shindano la kujenga upya eneo lile, ikashinda ofisi ya KSP Engel und Zimmermann na mpango wa majengo ya kisasa makubwa makubwa, wananchi wakaukataa wazi wazi. Hapo ndo sauti za kurudisha nyumba za kale zikapata nguvu, na Septemba 2007, meya akiwa Petra Roth, baraza la jiji likapitisha jengo libomolewe na sehemu ya mtaa wa zamani irudishwe. Jiwe la msingi likawekwa Januari 2012, eneo likafunguliwa 2018, jumla nyumba 35. Na hapa Mpita_Njia sikiliza vizuri, kati ya hizo 35 ni 15 tu ndizo zimeigizwa kama zilivyokuwa kabla ya vita, zile nyingine 20 ni nyumba mpya za wasanifu wa leo zilizofuata vipimo vya viwanja vya kale. Kwa hiyo hata picha zako ukizipitia tena utaona tofauti, kuna ambazo madirisha yake hayana mapambo na kuta zimenyooka tu. Gharama ilikuwa kama yuro milioni 200.

Mpita_Njia:
Daah asanteni sana, nimepitia picha na kweli naziona mbili ni za kisasa kabisa na nilizipita bila kujua. Ile niliyoishika jiwe, nimeangalia kibao kwenye picha kinasema Goldene Waage.

kalamu_na_zege:
Hiyo ndo yenyewe nyumba nzuri kuliko zote pale. Ilijengwa 1618 mpaka 1619 na Abraham van Hamel, mfanyabiashara aliyetoka familia ya wakimbizi wa dini kutoka pande za Uholanzi. Wenyeji walimsumbua sana kwa ajili ya dini yake na utajiri wake, naye akaweka pesa yake kwenye matao ya chini ya jiwe jekundu la mchanga na kwenye mbao za kuchongwa juu. Nyumba ya mgeni ikaja kuwa nyumba ambayo mji mzima unajivunia, ikaungua 1944. Ulichogusa ni kazi ya mafundi wa zama hizi waliochonga jiwe upya kwa kufuata picha na michoro, na hilo si jambo dogo, ujuzi wa kuchonga vile ulikuwa unapotea. Kuna nyumba za pale ambazo zimewekewa vipande halisi pia, mawe yaliyookotwa kwenye vifusi yakatunzwa miaka yote hiyo, yakarudishwa ukutani. Ukiviona unavijua, rangi yake imekufa kidogo ukilinganisha na mawe ya jirani.

nahodha_wa_Elbe:
Wakuu niko Hamburg, na huku tulipitia kitu kile kile na bado kinaniuma. Kulikuwa na majengo manne yanaitwa City-Hof, mbele tu ya stesheni kuu, yamekamilika 1958, msanifu Rudolf Klophaus. Ni majengo ya ule wakati mji unainuka kutoka kwenye majivu, na miaka mingi ndimo zilimokuwa ofisi za utawala wa wilaya ya Hamburg-Mitte. Kila mtu alikuwa anayaita mabaya, machafu, ya kijivu. Sasa niambieni, kijivu kile hakikuwa chake. Yalipojengwa yalivikwa mabamba meupe, minara minne myeupe imesimama mstari mmoja pembeni ya yale majengo ya matofali ya rangi nzito ya Kontorhaus, yaani maofisi ya zamani ya wafanyabiashara, na miaka ya 70 ndo wakaja kuyabandika mapaneli ya kijivu juu kwa sababu maji yalikuwa yanaingia. Watu wakachukia paneli wakadhani wanachukia jengo. 2013 yakaingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria, na pamoja na hiyo sheria 2019 yakaanza kushushwa. Mi nilienda kuangalia, walipobandua paneli sehemu moja nikaona weupe wa chini yake kwa mara ya kwanza maishani, siku chache tu kabla haujaondoka. Nilisimama pale mpaka nikachelewa kazini.

Kwa hiyo @mama_wawili dada yangu, unaposema nani aliwahi kuikumbatia nguzo ya lile jengo, mi nauliza je kuna mtu aliwahi kupewa nafasi ya kuliona likiwa safi?

mama_wawili:
Hilo neno nimelipokea kaka. Sikuwahi kuliona likiwa safi, kweli.

Zuhura_B:
Mimi niko Birmingham, Uingereza, na huku ilikuwa jengo la jiji NA jengo la benki kwa mpigo, na la ajabu ni kwamba yote mawili ni mkono wa msanifu mmoja, John Madin, mtoto wa hapa hapa Birmingham. Maktaba kuu ya jiji ilifunguliwa 1974, sawa sawa na jengo lenu la Frankfurt, lile piramidi la zege lililogeuzwa juu chini. Na mnara wa benki ya NatWest mtaa wa Colmore Row ukakamilika mwaka uliofuata. Wataalamu wa urithi walipendekeza maktaba ilindwe, serikali ikakataa zaidi ya mara moja. Madin akafariki 2012, miaka michache baadaye yote mawili yakaondoka karibu kwa wakati mmoja, ilipofika 2016 hakuna maktaba hakuna benki. Mtu alijenga nusu ya mji wake na mji ukaamua kumfuta. Mi nilisomea pale maktaba miaka minne, nakumbuka lifti na ngazi za umeme na mwanga uliokuwa unaingia toka uwazi wa katikati, ukikaa dirishani la ndani unaona ghorofa zote za vitabu kama umekaa ndani ya mzinga. Sio kweli kwamba majengo haya hayakupendwa, ila waliokuwa wanayapenda tulikuwa wanafunzi na sio watu wanaoandikiwa barua na wakuu wa jiji.

kalamu_na_zege:
Zuhura umenikumbusha upande wa benki, maana Frankfurt ni mji wa mabenki na ukiweka mabenki pembeni ya jiji unaona kitu. Minara miwili ya Deutsche Bank ilikamilika 1984, mita 155. Kuanzia 2007, mwaka ule ule ambao baraza linapitisha kubomoa Technisches Rathaus, benki ikaanza kuivua minara yake ikabaki mifupa, wakabadilisha mifumo yote ndani na vioo nje, 2011 wakarudi. Hawakubomoa. Mnara wa Bank für Gemeinwirtschaft wa 1977, mita 148, ndo ule Eurotower ambao Benki Kuu ya Ulaya iliingia ilipoanzishwa 1998. Bado upo. Na Benki Kuu hiyo hiyo ilipojenga makao yake mapya, ikaingia 2014, ikaliacha lile ghala kuu la soko la mboga la 1928 la Martin Elsaesser likiwa limesimama, ikajenga minara nyuma yake. Chini ya ghala lile Wayahudi wa Frankfurt walikusanywa kuanzia Oktoba 1941 kabla ya kupakiwa kwenye mabehewa, na leo kuna kumbukumbu pale, mtu anaweza kusimama mahali penyewe.

Unaona ninachosema? Mifupa ya zege ya miaka ya 70 na 80 inaweza kuvuliwa na kuvikwa upya, benki zilijua hilo na zina hesabu kali kuliko mtu yeyote. Technisches Rathaus halikuondoka kwa sababu zege limechoka. Liliondoka kwa sababu ya mahali liliposimama, na kwa sababu mji ulitamani kurudi kabla ya 1944. Hiyo tamaa naielewa, mama_wawili ameieleza vizuri kuliko mimi. Ila mtu akipita pale leo anatoka 1619 anaingia 2018 moja kwa moja, ile miaka sabini ya kati, moto, uwanja mtupu, paking, mabishano, jengo la ofisi, haionekani popote kwenye kuta. Wewe mwenyewe Mpita_Njia ni fundi, una jicho, na bila yule mzee wa mbwa ungeondoka hujui kama mtaa uliungua. Hata makumbusho ya historia ya jiji ya 1972, jengo la zege pale pale jirani, nalo lilibomolewa 2011 likajengwa jipya.

Mwaka ule ule wa ufunguzi, 2018, profesa Stephan Trüby wa Stuttgart aliandika gazetini kwamba baadhi ya waliolianzisha wazo la kurudisha mtaa walikuwa watu wa siasa za mrengo mkali wa kulia, ukazuka mjadala mkubwa Ujerumani nzima. Mimi siamini kwamba kila anayependa nyumba ya fremu ya mbao ni mtu wa siasa hizo, hata kidogo, wengi ni watu kama dada yetu hapa. Lakini swali lake la nani anapata kuchagua mwaka gani wa historia urudi, hilo lilikuwa halali.

mama_wawili:
Kaka hapo tumekutana sasa. Mi ningetaka mtaa wangu na bado ningetaka pale kuwe na kitu kinachosema hapa palikuwa na ofisi za jiji, na hapa palikuwa na vifusi. Binti yangu aliniuliza hizi nyumba zina miaka mingapi nikamwambia wewe umezizidi, hakuniamini mpaka nilipomwonyesha picha yake mdogo na matinga tinga yako nyuma.

Fundi_Mdogo:
Na wale wafanyakazi wa jiji walienda wapi?

kalamu_na_zege:
Ofisi ya mipango miji iko mtaa wa Kurt-Schumacher-Straße, kutembea dakika chache tu kutoka pale.

Na @Mpita_Njia ukirudi Frankfurt usiishie juu. Pale pale chini ya jengo jipya linaloitwa Stadthaus, karibu na mlango wa kanisa, yale mabaki ya Warumi na ya kasri yapo wazi unaingia unaangalia. Alafu ukitoka hapo shuka kwenye paking ya Dom/Römer. Nyumba zote zile, Goldene Waage, Rotes Haus na nyinginezo, hazijakaa kwenye udongo, zimekaa juu ya paking na handaki la treni. Mzigo wa yale mawe mekundu unashuka kwenye zege.

Mpita_Njia:
Mkuu hapo umenimaliza. Nina safari tena Frankfurt mwezi wa kumi, siku moja tu ila nitashuka huko paking. Nikitoka nitaleta picha za nguzo hapa, na @mama_wawili naomba kama hutajali ile picha ya binti na matinga tinga uiweke, hata ukimkata yeye pembeni, nione jengo lilivyokuwa limefika wapi siku ile.

mama_wawili:
Nitaiweka jioni nikitoka kazini. Ghorofa za juu zilikuwa zimeshaondoka, nondo zimebaki zimejikunja hewani, na kanisa linaonekana lote nyuma yake.